Waliopimwa na Kuchorwa

Novemba 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika Bweranyange, makao ya Mfalme Rumanyika wa Karagwe. Alipokelewa kwa heshima na kukirimiwa. Katika siku za ugeni wake huo alimpima kwa utepe mmojawapo wa wanawake wanene wa ukoo wa mfalme, na vipimo hivyo vikachapwa katika kitabu chake mwaka 1863. Sisi wa Karagwe na Kyerwa tumekisoma kitabu hicho kama sehemu ya historia yetu, na inchi za mwanamke yule tunazo. Alichokuwa akikiwaza wakati anapimwa hatunacho.

Nakumbuka habari hii kila ninapofikiri juu ya watu wenye sindromu ya Down, maana nao waliingia vitabuni kwa njia kama hiyo. Mwaka 1866 daktari John Langdon Down, aliyesimamia hospitali ya Earlswood huko Uingereza, alitangaza mpango wa kuwagawa wenye ulemavu wa akili kwa sura za mataifa. Huyu alimwita Mwethiopia, yule Mmalai, na wengine Wamongolia, ingawa walikuwa Wazungu. Jina hilo la Wamongolia liliwaganda watu hawa kwa karibu miaka mia moja, hadi Mongolia ilipolilalamikia mbele ya Shirika la Afya Duniani mwaka 1965. Kufikia hapo sababu ya hali yao ilikwisha kujulikana. Mwaka 1959 huko Paris, Lejeune, Gautier na Turpin walionyesha kwamba wana kromosomu tatu za namba 21 badala ya mbili. Basi si laana, si uchawi, wala si kosa la mama.

Tusimwonee Down, hata hivyo. Aliamini kwamba watu hawa hufundishika, na aliandika kuwa wana kipaji kikubwa cha kuigiza. Mwaka 1879 alifungua jumba la maonyesho katika nyumba yake ya malezi ya Normansfield. Lakini ilipita zaidi ya miaka mia moja kabla ya ulimwengu kuwaona wakisimama jukwaani kwa majina yao wenyewe.

Kuanzia 1989 hadi 1993 Mmarekani Chris Burke aliigiza katika mchezo wa televisheni ulioitwa Life Goes On. Mwaka 1996 Mbelgiji Pascal Duquenne alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kiume katika tamasha la filamu la Cannes, akishirikiana na mwenzake Daniel Auteuil. Wote wawili, Burke na Duquenne, wana sindromu ya Down, na wote waliigiza watu wenye hali kama yao.

Habari inayonigusa zaidi ni ya Judith Scott, aliyezaliwa Marekani mwaka 1943. Alipokuwa na umri wa miaka saba alitenganishwa na pacha wake, akawekwa katika nyumba za wasiojiweza kwa miaka 35. Walimwona hafundishiki, kumbe alikuwa kiziwi na hakuna aliyegundua. Pacha wake alimtoa, na mwaka 1987 akaanza kwenda katika karakana ya sanaa mjini Oakland. Huko alichukua vitu vya kawaida akavizungushia nyuzi za rangi, siku hadi siku, mpaka vikawa maumbo ambayo leo yamo katika majumba ya makumbusho. Alifariki mwaka 2005, hajaandika wala kusema neno moja la kujieleza, ila nyuzi zake.

Na kwetu? Katika riwaya ya Ken Walibora, Kidagaa Kimemwozea, Mwalimu Majisifu anawaonea aibu watoto wake wenye ulemavu, na mzigo wote unamwangukia mama yao. Ni mwalimu huyohuyo aliyeiba mswada wa mtu mwingine akauita wake. Walibora ametuonyesha aibu ilipo. Haipo kwa watoto.

Katika miaka yangu ya kufundisha walimu nimetazama maigizo mengi. Mara kwa mara hutokea kijana mzima wa akili anayejifanya zezeta, akitoa ulimi na kuyumba, na watu wakacheka. Wazee walituasa kwamba hujafa hujaumbika. Ni onyo jema, lakini linamzuia mtu kucheka kwa kuhofia yake mwenyewe. Mtoto mwenye sindromu ya Down keshaumbika. Hatudai hofu yetu, anadai nafasi.

Kwa hiyo nawaomba walimu vijana mambo mawili. Kwanza, mtoto wa namna hii akifika shuleni, masikio yake yapimwe mapema, kwa kuwa wengi wao husikia kwa shida na huonekana wazito kuliko walivyo. Kipimo cha namna hiyo kinamfaa anayepimwa. Pili, siku ya michezo ya kuigiza asiigizwe na mwingine. Apewe ngoma, apewe wimbo, au apewe sehemu fupi anayoweza kuikariri kwa kurudiarudia, na mazoezi yaanze wiki nyingi kabla ya wenzake. Atakosea mahali fulani, kama wanavyokosea wote. Wazazi wake watakuwa wameketi mbele, na kwa mara ya kwanza watasikia jina la mtoto wao likitangazwa mbele ya kijiji kizima.