Mtumba Mpaka Butere

Ukitaka kumfurahisha mzee wa Kimarama, Mluhya wa Butere magharibi mwa Kenya, mwambie kwamba "nguo" ni neno lake. Yeye husema ingubo; sisi wa Kiswahili tulidondosha herufi njiani. Ila ingubo ya mababu ilikuwa ngozi ya mnyama. Kitambaa kililetwa na wageni.

Kilikuja kikiwa mtumba, yaani mzigo wa merikani na kaniki uliofungwa kutosha mpagazi mmoja. Njia ya misafara ilipita Mumias, karibu na Butere, mahali ambapo wafanyabiashara wa pwani walipaita Kwa Sundu, kwa jina la Shiundu, babake Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga. Joseph Thomson alipofika mwaka 1883, alifuata njia iliyokwisha kukanyagwa. Pembe za ndovu zilishuka pwani, kitambaa kikapanda bara. Jina merikani lilitokana na viwanda vya Massachusetts, lakini baadaye hata iliyofumwa Bombay iliitwa hivyohivyo, wala mnunuzi hakujali.

Wamishonari wa Church Missionary Society (CMS) walianza kituo Butere mwaka 1912, wakaleta sindano na uzi. Hapo nguo ikawa ushahidi: msomaji alitambuliwa kwa shati kabla hajafungua kitabu. Nadhani mzozo mwingi wa wazee na vijana ulianzia kwenye shati hilo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 reli kutoka Kisumu ikafika Butere na kuishia hapo. Mtumba ukashuka kichwani mwa mtu ukapanda behewa. Vitambaa vikauzwa kwa yadi, na cherehani ikawa na kazi.

Baada ya uhuru Kisumu ilipata kiwanda chake cha vitambaa, KICOMI, kikatumia pamba ya ukanda huu wa ziwa. Miaka ya 1990 soko likafunguliwa kwa bidhaa za nje, kiwanda kikafungwa, na neno la wapagazi likarudi na maana mpya: mitumba, nguo zilizokwisha kuvaliwa ng'ambo.

Siku hizi mzigo huitwa beli, kilo 45 kwa kawaida, na kuufungua ni kamari. Zile safi, kamera, huchaguliwa kwanza. Zilizobaki ni fagia, za kurundikwa juu ya turubai. Suruali za Ulaya zina miguu mirefu. Basi fundi huzikunja, huzipima kwa macho, kisha huzikata. Kipande kinachobaki hakitupwi. Kitakuwa kiraka kwenye sare ya mtoto.