Mji Mdogo Kuliko Kambi: Usumbura na Watu Wasio na Mlima



Siku hizi kwenye simu zetu zinazunguka zile video za "miji midogo kuliko yote duniani". Wengi mmeziona, na kwenye grupu watu walicheka sana: eti mji wa mtu mmoja ni mji gani huo? Mimi nilizifuatilia, halafu nikarudi kusoma historia ya hapa hapa Bujumbura, na naona lile swali lina uzito. Nani anaamua kwamba pale ni mji na pale si mji? Ngoja nianzie mbali, nitarudi nyumbani.

Ule mji wa mtu mmoja unaitwa Monowi, uko Marekani, jimbo la Nebraska. Sensa ya 2010 ilimkuta mkazi mmoja tu, mama mzee. Mume wake alifariki 2004, hapo ndipo akabaki peke yake. Sasa kwa sababu Monowi imeandikwa serikalini kama mji, lazima iwe na uongozi. Basi yule mama ndiye meya, ndiye karani, ndiye mtunza pesa, na ndiye mwenye baa. Leseni ya kuuza pombe anaiomba kwake mwenyewe na anajipa mwenyewe. Anajitoza kodi ili zile taa chache za barabarani ziwake. Vitabu vya marehemu mumewe, kama 5,000 hivi, amevifanya maktaba ya mji. Zamani, miaka ya 1930, walikuwa kama watu 150. Vijana wakaenda kutafuta kazi, hawakurudi. Hiyo sehemu ya hadithi hatuhitaji kuelezwa, tunaijua.

Kuna na Hum, huko Kroatia. Hawafiki watu 100, wanakaa ndani ya ukuta wa mawe wa zamani. Desturi yao ni kumchagua mkuu wao kwa kukata alama kwenye fimbo: kila mpiga kura anachonga alama yake, mwenye alama nyingi ameshinda. Tukubali kwamba kwenye fimbo si rahisi kuiba kura.

Lakini wa tatu ndio ulionishika, kwa sababu uko Ubelgiji. Unaitwa Durbuy, kando ya mto Ourthe. Mwaka 1331 mtawala wa Luxembourg aliupa haki ya kuitwa mji, na tangu hapo watu wake wanajiita mji mdogo kuliko yote duniani. Ile sehemu ya zamani ina wakazi mia chache tu. Watalii wanajaa huko. Yaani mtawala alitia muhuri kwenye karatasi zaidi ya miaka 600 iliyopita, na mpaka leo wale watu mia chache ni watu wa mjini. Ni Wabelgiji hao hao waliokuja baadaye kutuamulia huku kwetu wapi ni mji, na nani ana ruhusa ya kulala humo.

Sasa turudi Burundi. Zamani nchi hii haikuwa na mji hata mmoja. Siyo kwamba watu walikuwa wachache, hapana, hii ni nchi ya watu wengi tangu zamani. Ila Mrundi alikaa kwenye mlima wake, ndani ya rugo, na shamba la ndizi pembeni. Jirani naye ana rugo lake, mbali kidogo. Hata vijiji kama vya Tanganyika au Kongo hawakuwa navyo. Mfalme mwenyewe hakuwa na mji mkuu mmoja, alikuwa na makao kadhaa, anahama hapa na pale. Mpaka leo ukikutana na mzee wa Kirundi, anachotaka kujua kwanza ni mlima wako. Ukisema huna mlima, anakuangalia mara mbili.

Kwa hiyo mji wa kwanza kabisa hapa ulijengwa na watu ambao hawakuwa na mlima.

Huku chini kando ya ziwa, kwenye tambarare ya Imbo, kulikuwa na joto na malaria. Watu wa juu hawakupapenda. Inasimuliwa hata kwamba mfalme alikuwa na mwiko wa kuliona ziwa Tanganyika kwa macho yake. Lakini ziwa lilikuwa barabara. Mitumbwi ilitoka Ujiji, Uvira, Uzige, ikibeba chumvi, mawese, samaki, nguo, shanga, na watumwa pia, tusifiche. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walifika huku kaskazini kwa mtumbwi, wakitaka kujua kama Ruzizi unaingia ziwani au unatoka. Wakakuta unaingia. Lile jiwe la Mugere, kusini ya Bujumbura, lina tarehe yao. Utasikia watu wakisema ndipo walipokutana mara ya kwanza. Si kweli, walikutana Ujiji, jiwe linaonyesha walipopita tu.

Miaka ya 1880 mfanyabiashara mkubwa wa Ujiji, Muhammad bin Khalfan, wanayemuita Rumaliza, alijaribu kuingia Burundi kwa bunduki. Watu wa mfalme Mwezi Gisabo wakamrudisha. Waswahili wakabaki ufukweni, hawakupanda milimani.

Halafu wakaja Wajerumani. Mwishoni mwa miaka ya 1890 wakaweka kituo cha askari pale Usumbura. Kilikuwa nini hicho kituo? Boma moja, bendera, maofisa wachache wa Kizungu, askari Waafrika waliotoka mbali, na nyuma yake nyumba za udongo za wake zao, wapagazi, wafanyabiashara, wavuvi. Hiyo ndiyo Bujumbura ilivyoanza. Ukiipiga picha kwa macho ya leo ungesema ni senta ya njia panda, siyo mji.

Mkuu wa kituo hicho alikuwa Kapteni von Beringe. Huyu, nje kidogo ya mada, ndiye aliyepiga risasi sokwe wakubwa kwenye mlima Sabinyo mwaka 1902, na mpaka leo sokwe wa milimani wana jina lake katika vitabu vya sayansi. Mwaka uliofuata akampiga vita Mwezi Gisabo, mpaka mfalme akakubali mapatano ya Kiganda, Juni 1903. Nchi nzima ya milima ikawekwa chini ya kile kituo kidogo cha ufukweni. Lakini Wajerumani wenyewe waliona ni shida kutawala watu wa juu kutoka huku chini, na 1912 wakahamishia makao yao Gitega. Usumbura ikabaki na joto lake na biashara yake.

Maisha ya mji ule mdogo yalikuwaje? Lugha ilikuwa Kiswahili, kwa sababu haikuwezekana lugha nyingine. Huyu Mmanyema, huyu wa Ujiji, yule ametoka pwani, yule Mbembe, yule Mrundi aliyeacha mlima wake kwa sababu anazozijua mwenyewe. Dini ya wengi ilikuwa Uislamu. Kazi: kuvua, kushona, kuuza nguo, kubeba mizigo, kupika ofisini kwa Mzungu. Mtu aliyefika bila ndugu alipata ndugu msikitini au kwa watu waliotoka upande wake. Warundi wa milimani wakawaita wote Waswahili, hata wale ambao pwani hawajawahi kuiona. Na neno hilo halikuwa sifa. Mpaka leo ukimwambia Mrundi kwamba fulani ni Mswahili, anaweza kuelewa kwamba fulani ni mjanja, ushike vizuri mfuko wako. Sisi tunaotoka ng'ambo ya Ruzizi tunalijuaga hilo vizuri.

Juni 1916 Wabelgiji wakaingia. Baada ya vita wakarudisha utawala wa juu Usumbura, ikawa makao makuu ya Ruanda-Urundi yote. Hapo mji ukaanza kukua kweli, na hapo ndipo zikaja karatasi. Wabelgiji waliugawa mji kwa rangi. Wazungu sehemu yao, Wahindi na Waarabu sehemu yao ya maduka, ile tunayoiita Kartie Asiatike hadi sasa. Waafrika waliokuwa wanaishi karibu na ziwa walisogezwa. Kati ya vita viwili vya dunia Waswahili wakapelekwa Buyenzi, wakachorewa barabara zilizonyooka na kupewa namba. Ndiyo maana mpaka leo mtu wa Buyenzi hakwambii jina la njia, anakwambia avenyu ya ngapi. Pembeni wakaweka mtaa mwingine ulioitwa Belge, ambao leo ni Bwiza.

Na jina la kisheria la Buyenzi na Belge halikuwa "mji". Kwa Kifaransa waliita centre extra-coutumier, maana yake kituo kilicho nje ya mila. Sheria ilitoka Kongo Belge, ya Novemba 1931, ikaingizwa na huku baadaye. Wazo lenyewe ni hili: Mwafrika wa kawaida ana chifu na mila yake kule kijijini au mlimani. Huyu wa hapa hana chifu. Basi apewe mkuu wa kituo atakayekubaliwa na Mzungu, na baraza, na daftari la majina. Kukaa humo ni kwa ruhusa. Mtu alikuwa amezaliwa palepale, baba yake amezikwa palepale, lakini kwenye vitabu vya serikali anahesabika kama mtu aliyepitiliza kukaa.

Nikisoma hayo nasimama kidogo. Mkuu aliyewekwa, kamati, daftari, karatasi ya ruhusa. Mimi ninajitolea kambini, hayo maneno nayasikia kila wiki.

Lakini tazameni walichofanya watu wa "nje ya mila". Mwaka 1957 Louis Rwagasore, mtoto wa mfalme Mwambutsa, alianzisha ushirika wa wafanyabiashara, na kati ya waliomuunga mkono mapema walikuwa Waswahili wa Buyenzi. Mtoto wa mfalme, wa ukoo ambao zamani ulikuwa na mwiko wa kuliona ziwa, anatafuta nguvu kwa watu wa ufukweni! Chama chake UPRONA kilishinda uchaguzi wa Septemba 1961. Tarehe 13 Oktoba akauawa kwa risasi, akiwa katika Hoteli Tanganyika, karibu na ziwa lile lile. Uhuru ulikuja 1 Julai 1962 bila yeye, na Usumbura ikaitwa Bujumbura.

Sensa ya 2008 ilihesabu watu 497,166 Bujumbura. Gitega ilikuwa na 41,944. Na Gitega hiyo ndogo, mwaka 2019, ndiyo iliyofanywa mji mkuu wa kisiasa. Tena karatasi imeshinda hesabu ya vichwa. Silalamiki, naonyesha tu.

Sasa mnaona kwa nini sikucheka Monowi. Yule mama ni mji kwa sababu karatasi zake zinasema hivyo. Halafu angalieni kambi zetu: Gasorwe, Musasa, Bwagiriza, Kavumu, Nyankanda. Kila moja ina watu wengi kuliko Monowi, Hum na ile Durbuy ya zamani ukizijumlisha. Gasorwe ilifunguliwa 2002, ina umri wa mtu mzima aliyeoa. Kambini kuna soko, kuna shule, kuna makanisa na msikiti, kuna kinyozi, kuna mama anayekopesha unga mpaka siku ya mgao, kuna viongozi tunaowachagua, na kuna ugomvi wa mipaka kati ya nyumba na nyumba kama mji wowote. Lakini ukitaka kwenda Bujumbura wiki moja lazima uombe karatasi ya kutoka. Nyumba uliyoijenga kwa mikono yako huwezi kuiuza wala kuirithisha kwa sheria. Kwenye ramani nyingi hatupo, au tupo kama nukta yenye jina la komini ya jirani.

Mtu atasema kambi ni ya muda, haifai kuitwa mji. Sawa. Hata boma la Usumbura lilikuwa la muda, Wajerumani walikaa hawakumaliza miaka 20. Ila mji ulitokana na zile nyumba za udongo nyuma ya boma, na boma lenyewe halikukaa.

Wale mnaoishi Buyenzi au Bwiza, mna kazi moja. Wapo bado wazee waliokuwa vijana kabla ya 1962. Waulizeni bibi na babu zenu kama wanakumbuka ile ruhusa ya kukaa: ilitolewa ofisi gani, ililipiwa kiasi gani, na aliyekutwa bila ruhusa alifanywa nini. Andikeni kama wanavyosema, Kiswahili chao chao, msiwasahihishe. Leteni kwenye grupu, tutaweka pamoja.