Dakika ya Sabini Si Uvivu

Jamani, mchezaji akianza kutembea dakika ya 70, uwanja mzima unapiga kelele: "Mvivu huyo, mtoeni!" Lakini jambo hili lina historia.

Mwaka 1973 Bengt Saltin, mtaalamu wa Sweden, aliandika kuhusu wachezaji walioanza mechi wakiwa na akiba ndogo ya sukari kwenye misuli. Kipindi cha pili akiba ilikuwa imekwisha. Walikwenda umbali mfupi kuliko wenzao walioshiba, tena sehemu kubwa kwa kutembea.

Sheria nazo zilibadilika polepole. Kombe la Dunia halikuruhusu wachezaji wa akiba kuingia hadi Mexico 1970, wawili tu kwa timu. Mwaka 2003 Mohr, Krustrup na Bangsbo walionyesha kwamba dakika 15 za mwisho, aliyeingia karibuni hukimbia kwa kasi mara nyingi kuliko aliyeanza. Mwaka 2020 wakaruhusiwa watano.

Sasa tuje kambini kwetu. Kijana aliyekula mara moja tangu jana anachezeshwa saa nane mchana, halafu tunamzomea. Ninyi mnaopanga mashindano, leteni mipira, asanteni sana. Ila anzeni na uji, na mechi ipigwe jioni.