Mwenzi Asiye na Cheo: Freddie Mercury, Jim Hutton na Lugha ya Wosia

Lugha ya sheria hupenda majina yaliyo bayana: mume, mke, mrithi, mtumishi. Maisha ya watu hayakubali siku zote kupangwa katika mafungu hayo. Mhadhara huu unautazama mkasa wa mzaliwa mmoja wa Zanzibar aliyeishi na mwanamume mwenziwe hadi kifo, kwa nia ya kujibu swali la kilugha lenye uzito wa kijamii: anayeshiriki maisha ya mtu pasipo ndoa huitwa nani, na akikosa jina hukosa nini?

Farrokh Bulsara alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarati, na baba alikuwa mtunza fedha wa Mahakama Kuu chini ya utawala wa Waingereza. Mtoto alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, kisha akarejea kisiwani. Mapinduzi ya Januari 1964 yalipotokea, familia ilihamia Feltham, karibu na London. Mwaka 1970 kijana huyo alishiriki kuunda bendi ya Queen, akajulikana kwa jina la Freddie Mercury.

Jim Hutton alizaliwa Carlow, Ireland, mwaka 1949, na alikuwa kinyozi katika Hoteli ya Savoy jijini London. Kuanzia mwaka 1985 wawili hao walikuwa wapenzi, na baadaye Hutton akahamia Garden Lodge, nyumba ya Mercury mtaani Kensington. Walivaa pete za dhahabu. Hata hivyo, mbele ya watu wa nje Hutton alikuwa mtunza bustani. Cheo hicho hakikuwa uongo mtupu, kwa kuwa bustani aliitunza kweli. Lakini kilieleza kazi ya mikono yake na kunyamaza kuhusu nafasi yake ndani ya nyumba. Mercury alipopata UKIMWI, Hutton alikuwa miongoni mwa waliomuuguza hadi alipofariki tarehe 24 Novemba 1991.

Wosia ndio uliodhihirisha uzito wa majina. Mambo ya Queen yalikuwa yakisimamiwa tangu mwaka 1978 na Jim Beach, wakili wa biashara ya muziki aliyeacha ofisi ya uwakili akawa meneja wa bendi. Kwa hiyo Mercury hakukosa watu wa kumshauri kisheria. Nyumba pamoja na sehemu kubwa ya mali aliachiwa Mary Austin, aliyekuwa mchumba wake katika miaka ya 1970, ambaye Mercury mwenyewe alisema hadharani kwamba kwake alikuwa kama mke. Hutton alipewa pauni 500,000. Kiasi hichohicho alipewa Joe Fanelli, mpishi, na kiasi hichohicho Peter Freestone, msaidizi wake. Fedha hizo hazikuwa haba. Aidha, haitakuwa haki kudai kwamba jina peke yake ndilo lililogawa mali, maana uhusiano wa Mercury na Austin ulikuwa na mizizi ya miaka mingi. Lakini mpangilio wa wosia unasomeka wazi: aliyeitwa mke, ingawa hakuolewa, alipata nyumba, aliyeitwa mtunza bustani, ingawa alivaa pete, alihesabiwa pamoja na watu wa kazi. Hutton aliihama nyumba hiyo, akarudi Ireland. Alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1994, akafariki tarehe 1 Januari 2010.

Je, Kiswahili, lugha ya kisiwa alikozaliwa Mercury, kingemwitaje Hutton? Kitenzi cha ndoa hakimsaidii, kwani kauli yake hugawa nafasi: mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Neno shoga, ambalo wanawake wa pwani wameitana kwa upendo kwa vizazi vingi, likielekezwa kwa mwanamume hugeuka tusi. Linabaki neno mwenzi. Hili halitaji jinsia, kama ambavyo kiambishi cha nafsi ya tatu hakitaji. Tena lina ukwasi wa pekee: mwenzangu ni yeyote aliye upande wangu, kazini au safarini, ilhali mwenzi wangu ni yule wa maisha. Neno la karibu nalo, mwenza, lilizoeleka katika mke mwenza. Siasa ikalichukua katika mgombea mwenza. Na huduma za afya zikalihitaji ili mjamzito aambiwe aje kliniki na mwenza wake bila kuulizwa cheti cha ndoa. Kila mara palipokuwa na uhusiano usio na jina rasmi, wazungumzaji walirudi kwenye shina hilohilo.

Sheria imekwenda kwa mwendo wake. Uingereza ilipitisha mwaka 2004 sheria ya kuandikisha ushirika wa watu wawili wa jinsia moja, ikaanza kutumika Desemba 2005, nayo ikampa aliyebaki haki za mirathi zinazolingana na za mume au mke. Mwaka huohuo wa 2004 Zanzibar iliongeza adhabu ya mapenzi ya wanaume kwa wanaume. Mwaka 2006, ilipokusudiwa kuadhimisha miaka 60 ya kuzaliwa kwa Mercury, jumuiya ya Uamsho ilipinga, na sherehe haikufanyika. Kisiwa kilikuwa kikibishana kuhusu mwana wake ambaye maishani hakutaka kulieleza jambo hilo waziwazi.

Kiswahili kina mjane kwa mwanamke aliyefiwa na mumewe, na mgane kwa mwanamume aliyefiwa na mkewe. Hutton hakuwa mmoja wao. Lakini kina pia mfiwa, neno litokanalo na kufa katika kauli ya kutendewa: yule ambaye kifo cha mwingine kimempata. Neno hilo haliulizi cheti, pete wala jinsia. Wanaotunga sheria na wanaotunga kamusi wanaweza kuendelea kutofautiana kuhusu cheo cha mtu kama Hutton. Sarufi ya msiba imekwisha kumpa mahali pa kukaa.