Tai, Abakosti na Kikwembe: Je, Vazi Hufichua Nafsi ya Mvaaji?

1. Utangulizi

Ni desturi ya watu wengi, wasomi wakiwamo, kumsoma mtu kwa nguo zake. Anayevaa kama wenzake huitwa mtulivu. Anayevaa kinyume nao huitwa mbunifu na wale wampendao, na mhuni na wale wasiompenda. Hukumu hizi mbili, ijapokuwa zinapingana, zina msingi mmoja: imani kwamba vazi lisilo la kawaida hutoka moja kwa moja katika nafsi ya mvaaji. Makala haya yanakusudia kuuchunguza msingi huo kwa mwanga wa historia ya mavazi ya Kongo, tangu miaka ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji hadi mwanzoni mwa karne hii.

Suala lenyewe si la burudani tu. Katika vyuo vya Bunia, kama kwingineko, mwanafunzi huhukumiwa kwa vazi lake kabla hajafungua kinywa, na hukumu hiyo yaweza kumnyima sikio la mwalimu. Yafaa basi tujue hukumu ya namna hiyo ina nguvu kiasi gani.

Kwa mwanaisimu, njia iliyo karibu ni kulilinganisha vazi na neno. Neno halipati maana likiwa peke yake, bali huipata kutokana na maneno mengine ambayo yangeweza kusimama mahali pake. Ndivyo lilivyo vazi. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza vazi linasema nini juu ya mtu, tutauliza kwanza maswali mawili: mtu huyo alikuwa na hiari gani, na alilipa gharama gani kwa kulivaa?

2. Tai katika zama za ukoloni

Tuanze na tai, ambayo huku kwetu wengi huiita karavati. Katika Kongo ya Wabelgiji, baada ya Vita Vikuu vya Pili, suti na tai vilikuwa alama ya tabaka la Waafrika waliosoma, walioitwa kwa Kifaransa évolués, yaani watu waliokwisha kuendelea. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni iliwawekea kadi ya sifa za uraia, na mwaka 1952 ikaongeza utaratibu wa kuwaandikisha wale waliohesabiwa kuwa wamefikia ustaarabu wa Kizungu. Mwombaji alichunguzwa hadi nyumbani kwake. Wakaguzi walitazama samani, namna ya kula mezani na mwenendo wa familia, na waliofaulu walikuwa wachache mno.

Katika mazingira hayo, tai iliyofungwa vizuri ilikuwa utii kwa kanuni iliyotungwa na mtawala. Lakini je, mvaaji alikuwa mtiifu moyoni? Mfano ulio wazi ni Patrice Lumumba. Alikuwa karani wa posta huko Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, mji mkuu wa jimbo ambalo Bunia ilikuwa sehemu yake. Aliomba kuandikishwa, akakataliwa kwanza, akakubaliwa mwaka 1954. Kwa mavazi alikuwa kielelezo cha mtu aliyetakiwa na serikali. Naye ndiye aliyesimama Juni 30, 1960, mbele ya Mfalme Baudouin, akiwa katika suti na tai ya kipepeo, akatoa hotuba ambayo haikuwamo katika ratiba, akitaja waziwazi mateso na dharau walizovumilia Wakongomani. Mtu aliyemsoma Lumumba kwa suti yake asingeitarajia hotuba ile.

Tunapata hapa fundisho la kwanza: vazi la kawaida haliwezi kuchukuliwa kuwa ushahidi wa nafsi ya kawaida.

3. Abakosti, vazi la amri

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mambo yaligeuka. Mobutu, aliyekwisha kuibadilisha nchi jina kuwa Zaire mnamo Oktoba 1971, alitangaza siasa ya kurudia uhalisi wa Kiafrika. Majina ya Kikristo yaliachwa, miji ikabadilishwa majina, na suti na tai vikapigwa marufuku. Mahali pake ilikuja abakosti, koti lisilo na tai, ambalo jina lake limetokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya "suti na ife". Wengi walilivaa na skafu shingoni. Katika ofisi za serikali lilikuwa sare. Tusisahau kwamba baadhi ya abakosti za wakubwa, vazi la uhalisi, zilishonwa Ubelgiji.

Asili ya vazi hili inastahili kuangaliwa. Lilipobuniwa lilikuwa geni kabisa, na yule aliyelitukuza alilivaa pamoja na kofia ya ngozi ya chui na fimbo ya kuchongwa, mchanganyiko ambao hakuna babu yeyote aliyewahi kuuvaa. Kwa Mobutu mwenyewe, basi, tunaweza kusema kwamba vazi lilikuwa ubunifu, tena ubunifu wa kisiasa uliokokotolewa vema. Lakini kwa karani wa Bunia, Isiro au Kisangani, abakosti ilikuwa sharti la kazi. Vazi ni lile lile, nalo kwa mmoja ni tungo lake mwenyewe na kwa mwingine ni kauli aliyokaririshwa. Anayetazama picha za wakati huo na kudhani kwamba anaona nafsi za makarani hao anakosea njia.

Kinyume chake, tai ambayo miaka 20 kabla ilikuwa alama ya utii sasa ilikuwa uasi. Aliyethubutu kuifunga hadharani alijitia hatarini. Hali hiyo iliendelea hadi Aprili 24, 1990, siku ambayo Mobutu, akihutubia huko N'Sele, alitangaza mwisho wa utawala wa chama kimoja. Katika hotuba hiyo hiyo aliruhusu suti na tai zivaliwe tena, huku akisema kwamba yeye mwenyewe ataendelea na vazi lake. Kwamba kiongozi aliona haja ya kuitaja tai siku aliyotangaza vyama vingi, kwatuonyesha jinsi kipande hicho cha kitambaa kilivyokuwa kimebeba mzigo mkubwa. Baadaye watu walipozoea, mzigo ukaanguka, na tai ikarudi kuwa nguo ya kazini na ya harusi.

Zaire haikuwa peke yake. Tanzania, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana mnamo Oktoba 1968, ianze Januari 1, 1969, dhidi ya sketi fupi, suruali za kubana, nywele za bandia na dawa za kuchubua ngozi. Ng'ambo ya Ziwa Albert, Idi Amin alipiga marufuku sketi fupi mwaka 1972. Katika nchi zote hizi watawala waliamini kwamba nguo ya kigeni huonyesha nafsi iliyopotoka, na mzigo wa imani hiyo uliwaelemea zaidi wanawake.

4. Kikwembe na kauli za wanawake

Siasa ya Mobutu iliwakataza wanawake suruali, sketi fupi na nywele za bandia, ikawataka wavae kikwembe. Kwa kanuni yetu ya hiari na gharama tungetarajia kwamba kikwembe cha amri kingekuwa bubu kama abakosti ya karani. Haikuwa hivyo, na hapa kanuni yetu inahitaji kurekebishwa.

Amri ilitaja aina ya vazi, lakini haikutaja rangi, mchoro, mshono wala namna ya kulifunga. Katika nafasi hizo wanawake walifanya kazi kubwa. Walichagua mshono wa bega na wa mkono kwa fundi, na walichagua mchoro kwa jina lake. Maana vitambaa hivi, viwe vya Sotexki ya Kisangani au vya Vlisco ya Uholanzi, hupewa majina na wauzaji na wanunuzi sokoni, na majina mengine hutaja wivu wa wake wenza, mengine uwezo wa mume. Mke akipita akiwa na kikwembe cha namna hiyo, jirani mhusika huelewa bila kuambiwa.

Msomaji wa historia ya pwani ataikumbuka kanga, ambayo husema kwa maandishi yake. Ataikumbuka pia Zanzibar ya mwisho wa karne ya 19, ambako mtumwa mwanamke alijulikana kwa merikani au kaniki isiyo na pambo, wala hakuruhusiwa kufunika kichwa kama mwungwana. Baada ya utumwa kufutwa kisheria mwaka 1897, wanawake walioachwa huru walishika kanga, kisha buibui. Machoni pa waliokuwa mabwana zao hilo lilikuwa vazi lisilowafaa. Kwao lilikuwa tangazo la uhuru. Hawakutaka kuonekana tofauti na watu wote. Walitaka kuonekana kama watu.

5. Watu wa Sape

Mfano unaotajwa zaidi pindi ubunifu wa mavazi unapozungumzwa ni Sape, chama kisicho na ofisi cha watu wa umaridadi, kilichostawi Brazzaville na Kinshasa. Upande wa Kinshasa jina lililokivumisha ni la Papa Wemba, aliyezaliwa mwaka 1949, akaanzisha bendi ya Viva la Musica mwaka 1977, na kufariki jukwaani Abidjan Aprili 24, 2016. Wakati abakosti ilipotawala, vijana waliomfuata walivaa suti za wabunifu wa Paris, Italia na Japani. Hiari ilikuwapo, na gharama pia.

Hata hivyo, tukiwatazama kwa karibu, tunaona kwamba hawavai ovyo. Wana kanuni: rangi zisizidi tatu, viatu viwe na asili, mwendo upimwe, mvaaji awe na adabu. Ubunifu wao unafanana na wa mshairi ndani ya mizani na vina: sheria ipo, na ufundi huonekana katika kuitumia. Kwa hiyo hata vazi hili linaloonekana si la kawaida ni la kawaida kwa jamaa zake.

Gharama nayo haikuwa ya mvaaji peke yake. Wako walioazima suti kwa siku moja, nasi tunajua kwamba cha kuazima hakisitiri matako. Wako walioziacha familia zao bila chakula. Tamaa ya kufika Paris ilizaa biashara ya kuvusha watu, na Papa Wemba mwenyewe alihukumiwa nchini Ufaransa mwaka 2004 kwa kosa hilo. Umaridadi hauthibitishi wema wala haukanushi.

6. Gome la msitu wa Ituri

Tumalizie karibu na nyumbani. Katika msitu wa Ituri, kabla pamba haijaenea, Wambuti walivaa kitambaa cha gome. Wanaume waliambua gome la miti, hasa ya jamii ya mkuyu, wakalitwanga kwa nyundo hadi likalainika. Kisha wanawake walilichora, kwa vidole na vijiti, kwa maji ya tunda la gadenia yaliyochanganywa na makaa. Mistari hukutana na kukatika, vidoti hujaa upande mmoja na kuacha upande wa pili mtupu. Vitambaa hivyo leo vimetunzwa katika makumbusho ya Ulaya na Marekani.

Umbo la vazi hilo lilikuwa moja kwa wote, wala hakuna aliyelivaa ili ajitenge na wenzake. Pamoja na hayo, ubunifu umo, nao ni wa mikono ya mwanamke aliyechora, ambaye mara nyingi si yeye aliyelivaa. Mfano huu unatenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya: ubunifu ulio katika vazi na nafsi ya anayelivaa.

7. Hitimisho

Tumeona tai ikiwa utii, kisha uasi, kisha nguo ya harusi, katika muda wa maisha ya mtu mmoja. Tumeona vazi la amri likisema mengi mikononi mwa wanawake, na vazi la hiari likiwa na sheria kali. Kutokana na hayo tunaweza kusema kwamba vazi lisilo la kawaida ni kauli, na kama kauli nyingine yoyote laweza kuwa la kweli, la uongo, la kejeli au la kunukuu. Huonyesha ubunifu pale penye kazi ya kuchagua na kupanga. Tabia ya mtu haionyeshi mpaka tumjue kwa njia nyingine.

Kwa sisi walimu, matokeo yake ni ya kila siku. Kanuni za mavazi zinaweza kuwapo chuoni, kama zilivyo za sarufi, na mwanafunzi aweza kutakiwa kuzifuata. Lakini kumwita mhuni kwa sababu ya suruali yake, au kumwita msomi kwa sababu ya tai yake, ni kutoa hukumu kabla ya kusikiliza ushahidi. Karatasi yake ya mtihani iko mezani. Tuisome hiyo kwanza.