Diwani ya Muyaka: Kitabu cha malenga mmoja, kazi ya watu wengi

DIWANI ya Muyaka hutajwa kila mara kuwa kazi ya malenga mmoja wa Mvita, Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa tangu mwaka 1776 hivi hadi 1840. Hata hivyo, Muyaka hakukikusanya kitabu hicho wala hakupata kukiona. Kilichapishwa Johannesburg mwaka 1940, karne nzima baada ya kifo chake, na kabla ya hapo kilipitia vinywa, kalamu na makabati ya watu kadhaa.

Muyaka alitunga katika enzi ya Wamazrui, ambao makaburi yao yapo hadi leo karibu na Ngome ya Yesu, pale anapopita mtu atokaye Kizingo kuingia Mji wa Kale. Mombasa ya wakati huo ilizozana na Lamu, kisha na Seyyid Said wa Omani, mpaka utawala wa Wamazrui ulipoanguka mwaka 1837. Ushairi wa siasa ulikuwa majibizano. Malenga wa Mvita alitupa fumbo, na mwenzake wa Lamu, mathalani Zahidi Mngumi, alilifumbua na kulijibu. Aliposema "sisi", mshairi hakujisemea nafsi yake; aliusemea mji. Kwa hiyo beti za upande mmoja zikisomwa bila majibu yake, msomaji hupata nusu ya mazungumzo.

Muyaka hakuishia kwenye siasa. Alitunga pia juu ya mapenzi, njaa, biashara na mambo ya nyumbani, na wataalamu wengi humsifu kwa kulitoa shairi katika mabaraza ya wakubwa na kulipeleka sokoni. Pengine ndiyo sababu watu wa kawaida waliyahifadhi mashairi yake vichwani kwa miaka mingi bila kitabu.

Aliyeyanusuru ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwanachuoni na mshairi wa Mombasa. Jina lake ni Sikujua, ingawa katika jambo hili ndiye aliyejua kuliko wote. Aliyakusanya kutoka kwa waliokuwa wakiyakumbuka, akayaandika kwa hati za Kiarabu, na kueleza visa vilivyosababisha kutungwa kwake. Bila maelezo hayo, mafumbo mengi yangebaki yamefungwa. Mshirika wake alikuwa William Taylor, mmishenari Mwingereza aliyefika Mombasa mwaka 1880.

Sikujua alifariki mwaka 1890, naye Taylor akafariki mwaka 1927. Karatasi zao zilimfikia William Hichens, ambaye ndiye aliyezihariri hadi zikawa kitabu. Miswada yenyewe imehifadhiwa Chuo Kikuu cha London. Mwenyeji wa Mji wa Kale anayetaka kuiona kazi ya mkono iliyofanyika mtaani kwao hana budi kuifuata Ulaya.

Kulikuwa na jambo jingine lililoipa diwani hiyo uzito. Mwaka 1928, mkutano uliofanyika Mombasa kwenyewe uliamua kwamba Kiunguja, wala si Kimvita, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati ya Lugha ilianza kazi mwaka 1930. Miaka 10 baadaye kikatoka kitabu ambacho ndani yake macho ni "mato", nchi ni "nti" na njoo ni "ndoo". Lugha ambayo wanafunzi wa Mombasa walikuwa wakisahihishwa kwayo darasani ilikuwa imepigwa chapa kama fasihi.

Waliofuata hawakuiacha njia hiyo. Mwaka 1971, Ahmad Nassir Juma Bhalo alitoa Malenga wa Mvita, diwani iliyohaririwa na Shihabuddin Chiraghdin, mwalimu aliyeitetea kwa nguvu nafasi ya Waswahili katika historia ya lugha yao. Mwaka 1973, ndugu yake Ahmad Nassir, Abdilatif Abdalla, alichapisha Sauti ya Dhiki, mashairi aliyoyatunga alipokuwa kifungoni tangu mwaka 1969 hadi 1972. Vitabu vyote viwili vimeshikilia Kimvita, na hapana shaka hilo lilikuwa la makusudi.

Muyaka mwenyewe alirejewa mwaka 1979, wakati Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz, mzaliwa wa Mombasa, alipochapisha jijini Nairobi utafiti wake juu ya mshairi huyo na jamii yake. Swali la umiliki, hata hivyo, lilibaki. Shairi likisafiri kwa mdomo kwa nusu karne huweza kupachikwa jina la malenga mashuhuri hata kama mtunzi wake alikuwa mwingine, na baadhi ya beti zinazoitwa za Muyaka zina shaka hiyo.

Mwaka 2011 ilitolewa Dar es Salaam diwani ya malenga wa Pemba, Kamange na Sarahani, iliyohaririwa na Abdilatif Abdalla. Humo waliokusanya mashairi, Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy, wametajwa kwa majina yao kamili kuwa wenye kazi. Mwalimu Sikujua hakupata nafasi ya namna hiyo mwaka 1940.