Nyumba ya Shiwa Ng'andu: nani aliijenga?

Ukivuka Kasumbalesa na kwenda mbali kabisa, mu kaskazini ya Zambia, mu inchi ya Babemba, utafika ku ziwa lenye linaitwa Shiwa Ng'andu. Karibu yake kuko nyumba kubwa ya matofali, yenye munara, matao na paa la vigae, sawa zile za mabwana bakubwa ba mashamba kule Uingereza. Bantu mingi banasema: ile ni nyumba ya muzungu. Si uongo. Lakini historia yake inatugusa na siye bantu ba Katanga.

Tuanze na jina. Mu Kibemba, shiwa ni ziwa, na ng'andu ni mamba. Bena Ng'andu njo ukoo wa bakubwa ba Babemba, benye bankambo banasema balitoka Kola, mu inchi ya Baluba, pamoja na Chiti. Basi lile ziwa lilikuwa na jina la heshima mbele ya muzungu kufika.

Muzungu mwenyewe ni Stewart Gore-Browne, alizaliwa mu 1883. Alikuja mu 1911 na komisio ya Baingereza na Babelgiji, kupima mupaka kati ya Katanga na Rhodesia ya Kaskazini. Ndiyo ule mupaka wenye tunavuka leo na makaratasi mukononi. Mu 1914, kazi ilipoisha, akaona ziwa, akalipenda. Vita ikamurudisha Ulaya. Mu 1920 akarudi na kununua udongo.

Sasa tuangalie ginsi ilijengwa. Gare ya treni ilikuwa mbali sana, kule Ndola, ku reli ile ile yenye ilifika Elisabethville mu 1910. Kutoka Ndola, vitu vilisafiri ku kichwa cha bantu na mu mitumbwi, kupitia mabwawa ya Bangweulu. Nani angebeba matofali ya nyumba muzima ginsi ile? Haiwezekani. Kwa hiyo matofali na vigae vilifanyizwa pale pale: kuchimba udongo, kuukanyaga, kuuchoma mu tanuru. Nyumba ilikua pole pole, kipande kwa kipande, mupaka mu miaka ya 1930.

Unaingia kwanza ku lango lenye saa, kisha bustani, kisha nyumba yenyewe, yenye kanisa ndogo na maktaba ku etaji. Pembeni kulijengwa nyumba za batumikaji, masomo, lopitali na posta. Franga nyingi zilitoka kwa shangazi yake, Ethel Locke King. Shamba nalo lilitoa mafuta ya malimau na machungwa kwa manukato, mupaka ugonjwa wa miti ukaliharibu mu miaka ya 1950.

Batumikaji balimuita Chipembele, ni kusema kifaru, juu ya ukali wake. Lakini alisemea haki za Baafrika mu baraza la kutunga sheria, na nyuma akamuunga mukono Kenneth Kaunda. Alipokufa mu 1967, alizikwa ku kilima cha Shiwa, kwa heshima ya serikali na ya machifu ba Babemba. Nyuma nyumba ikachakaa. Mujukuu wake akaanza kuitengeneza mu 2001.

Tunajifunza nini? Mawazo ya ile nyumba yalitoka mu kichwa cha muntu mumoja. Nyumba yenyewe ilitoka mu udongo wa Babemba na mu mikono yao. Mu vitabu, jina la Gore-Browne liko kila ukurasa. Majina ya benye balibeba mizigo na kuchoma matofali, utayatafuta na taa mu mukono.

Huku kwetu Ruashi ni vile vile. Nyumba za miaka ya 1950, tunasema Babelgiji njo balijenga. Lakini nani alikanyaga udongo wa kichuguu? Nani alipanda juu ya paa? Ni bababa na bankambo zetu. Bazee bengine bangali bazima. Tuende kwao na kaye na bic, tubaulize, tuandike majina. Wakifa bila kuulizwa, batoto betu nao watasema paka: ni nyumba ya muzungu.